Je, Wajua? Siku Tatu Katika Jangwa la Palm Springs

Kusini mwa California, kiasi cha kilomita 170 mashariki ya Los Angeles, kuna bonde liitwalo Coachella. Ndani yake imejipanga miji tisa, na unaojulikana zaidi ni Palm Springs. Ni jangwa halisi, lakini watu huliendea kwa starehe: kuogelea, kucheza gofu, kupanda mlima, kula vizuri na kulala. Kwa msomaji anayeishi Los Angeles au San Diego, ni safari ya wikiendi. Kwa anayetoka Mombasa au Dar es Salaam kumtembelea ndugu yake huko, ni siku chache za kuongeza mwishoni mwa safari ndefu.

Mwenye siku mbili tatu hana muda wa kujifunza mahali baada ya kufika. Tumekusanya hapa mambo yanayofaa kujulikana kabla ya kukata tiketi. Yote yanaelekea upande mmoja: jangwani kila starehe ina chanzo chake na ina mwenyewe. Anayejua maji yanatoka wapi, ardhi ni ya nani na jua linawaka saa ngapi, hupanga safari iliyo salama na yenye adabu.

Je, wajua kwamba milima ndiyo iliyolifanya bonde hili jangwa?

Upepo unaotoka Bahari ya Pasifiki huja umebeba unyevu. Ukifika kwenye milima ya San Jacinto na San Bernardino hulazimika kupanda; ukipanda hupoa, na mvua yake humwagika upande wa magharibi. Unapoteremka upande wa bonde umekwisha kukauka. Msomaji aliyewahi kupita Same, pakavu chini ya Milima ya Upare ilhali juu kuna migomba, anaifahamu hali hiyo. Palm Springs hupata takriban milimita 120 tu za mvua kwa mwaka mzima.

Kilele cha San Jacinto, chenye urefu wa mita 3,302, kinausimamia mji kwa karibu sana. Majira ya baridi, kivuli chake huufikia mji alasiri, mapema kuliko wakati wa jua kuchwa. Kwa hiyo anayetaka kuota jua kando ya bwawa jioni atafute hoteli iliyo mbali kidogo na mlima, kwa mfano upande wa Palm Desert.

Kati ya milima hiyo miwili kuna mlango mwembamba, San Gorgonio Pass, ambao upepo huupenya kwa nguvu. Ndiyo sababu mgeni anayeingia kwa barabara hupokewa na msitu wa mitambo ya kuzalisha umeme wa upepo, iliyoanza kusimikwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Upepo huohuo hubeba mchanga. Ukivuma sana, barabara za kaskazini mwa mji, kama Indian Canyon Drive na Gene Autry Trail, hufungwa. Siku ya kuondoka kwenda uwanja wa ndege, tazama hali ya barabara kwanza.

Je, wajua kwamba chini ya barabara za mji kuna maji ya moto?

Katikati ya Palm Springs hutoka chemchemi ambayo Wacahuilla, wenyeji wa asili wa bonde hili, huiita Séc-he. Maji yake yana joto la karibu nyuzi 40 za Selsiasi, na inakadiriwa kwamba baadhi yake yamekaa chini ya ardhi hadi miaka 12,000. Mwaka 2018, mafundi walipokuwa wakichimba msingi wa jengo jipya la kuogea, vilipatikana vifaa vya kale vilivyoonyesha kwamba watu wamekuwa hapo kwa zaidi ya miaka 7,000. Mwaka 2023 jengo hilo la kuogea lilifunguliwa, pamoja na makumbusho ya kundi la Wacahuilla wa Palm Springs, liitwalo Agua Caliente, katika uwanja huohuo. Anza na makumbusho kabla ya kuingia majini. Utakapoketi katika maji yale utajua ni ya nani.

Upande wa pili wa bonde, katika mji wa Desert Hot Springs, kuna ajabu nyingine. Mwaka 1913 mlowezi mmoja, Cabot Yerxa, alichimba kisima akapata maji ya moto. Akachimba kingine si mbali na hapo, akapata maji baridi. Sababu ni kwamba tawi la ufa mkubwa wa San Andreas hupita chini ya kilima alichokuwa akiishi. Ufa huo huzuia maji ya chini ya ardhi yasichanganyike, hivyo kila upande una maji yake. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake sasa ni makumbusho.

Ufa huohuo ndio unaoyasukuma maji juu katika oasisi ya Thousand Palms, ambako miti imesimama katikati ya vilima vikavu. Lakini ufa wa San Andreas ni chanzo cha matetemeko pia. Ushauri unaotolewa California kote unakufaa hata kwa usiku mmoja wa hotelini: weka viatu na tochi karibu na kitanda.

Je, wajua kwamba hoteli nyingi zimejengwa juu ya ardhi ya kukodi?

Katika karne ya 19 serikali ya Marekani iliigawia kampuni ya reli miraba ya ardhi ya bonde hili, kila mmoja wa maili moja kwa maili moja, ikiruka mmoja na kutoa mmoja. Mwaka 1876 Rais Ulysses Grant alianza kuwatengea Wacahuilla wa Agua Caliente ardhi yao, na mwaka uliofuata eneo likapanuliwa kwa miraba iliyobaki katikati ya ile ya reli. Mji ulipokua, ulikua juu ya miraba ya pande zote mbili. Hadi leo Wacahuilla ndio wenye ardhi kubwa kuliko wote ndani ya Palm Springs. Tangu sheria ya mwaka 1959, ardhi yao huweza kukodishwa hadi miaka 99, na nyumba, maduka na hoteli nyingi zimesimama juu ya mikataba hiyo.

Historia hiyo ina sehemu chungu. Mraba mmoja wa katikati ya mji, Section 14, ulikuwa makazi ya Waafrika Wamarekani na watu wenye asili ya Meksiko, wale waliofua mashuka, kupika na kujenga hoteli za mji. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliondolewa, na nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa ili eneo lijengwe upya. Ripoti ya serikali ya jimbo ya mwaka 1968 iliulaumu mji waziwazi. Novemba 2024 baraza la mji lilikubali kuwalipa waliokuwa wakazi na warithi wao dola milioni 5.9. Mgeni anayetembea kati ya migahawa na hoteli za katikati ya mji anapita mahali hapo, na ni haki ajue.

Je, wajua kwamba dakika kumi zinatosha kubadili majira?

Pembeni mwa mji kuna gari la kebo linaloitwa Palm Springs Aerial Tramway. Huanzia mita 806 juu ya usawa wa bahari na kukushusha kwenye mita 2,596, kwa muda wa dakika kumi hivi. Sakafu ya magari yake ya duara huzunguka polepole yakipanda, kwa hiyo kila abiria huona pande zote bila kugombea dirisha. Unaondoka kwenye mchanga na michongoma, unafika kwenye misonobari, na mwezi Januari waweza kukuta theluji.

Wazo hilo lilimjia mhandisi Francis Crocker mwaka 1935, akiutazama mlima siku ya joto kali. Ilichukua miaka 28 hadi safari ya kwanza, Septemba 1963. Korongo la Chino, linakopita gari hilo, ni la miamba mitupu isiyo na njia, hivyo minara minne kati ya mitano ilijengwa kwa kutumia helikopta.

Juu joto huwa pungufu kwa nyuzi 17 au zaidi kuliko bondeni. Chukua sweta hata kama chini unatokwa jasho. Na ukipanga kwenda Septemba, hakikisha kwanza kama gari hilo linafanya kazi, kwa kuwa mara nyingi mwezi huo hufungwa kwa matengenezo ya mwaka.

Je, wajua kwamba kuchagua mwezi ni muhimu kuliko kuchagua hoteli?

Januari mchana una joto la nyuzi 21 hivi, na usiku hushuka chini ya 10. Julai wastani wa joto la mchana hupita nyuzi 42. Tarehe 5 Julai 2024 Palm Springs ilifikia nyuzi 51.1, kiwango kikubwa kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa mjini hapo.

Msimu wenyewe ni kuanzia Januari hadi Aprili. Wakati huo wastaafu kutoka Kanada na majimbo ya kaskazini wameshahamia kukimbia baridi. Februari kuna wiki ya kutembelea nyumba maarufu za mji, na huko Indio kuna maonyesho ya tende. Machi kuna mashindano makubwa ya tenisi Indian Wells. Aprili, kwa wikiendi mbili, Indio hupokea tamasha la muziki la Coachella lililoanza mwaka 1999, ambalo Beyoncé alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kulitawala jukwaa lake kuu, mwaka 2018. Katika wikiendi hizo bei za vyumba hupaa kote bondeni. Asiyefuata muziki wala tenisi aende Novemba, au katikati ya wiki mwezi Januari.

Bei za kiangazi hushuka sana na huvutia wengi. Ukienda wakati huo, shughuli za nje zianze alfajiri na ziishe kabla ya saa tatu asubuhi. Mchana ni wa ndani, au wa kilele cha mlima.

Na mvua, ijapokuwa chache, haifai kudharauliwa. Agosti 2023 mabaki ya kimbunga Hilary yaliumwagia mji kwa siku moja zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka mzima, na barabara kuu zikafungwa kwa mafuriko na matope. Ukikuta maji yanakatiza barabara, usijaribu kupita.

Je, wajua kwamba tende za bonde hili zina historia inayofika Zanzibar?

Ukielekea kusini, kupita Indio, Coachella na Thermal, utaingia katika mashamba ya mitende. Karibu tende zote zinazolimwa Marekani hutoka katika jangwa la California na Arizona, na bonde hili ndilo lililokuwa kitovu chake tangu mwanzo. Serikali ya Marekani ilileta machipukizi kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati mwanzoni mwa karne ya 20. Hata kituo kimoja kidogo cha reli bondeni kilibadilishwa jina kikaitwa Mecca.

Tende aina ya Medjool, zile nene tunazoziona madukani mwezi wa Ramadhani, zina kisa chao. Mwaka 1927 ugonjwa ulikuwa ukiimaliza mitende ya Morocco. Mtaalamu wa Marekani, Walter Swingle, alipata machipukizi 11 kutoka Boudenib. Yalipelekwa Nevada yakae peke yake, yasije yakaleta ugonjwa. Yakapona tisa. Mwaka 1936 yakahamishiwa Indio, na kutoka kwayo ikazaliwa mitende ya Medjool iliyoenea Marekani.

Lakini Wamarekani walikuwa wakila tende muda mrefu kabla ya hapo, na zilipita katika bahari yetu. Mwaka 1840 merikebu ya Sultana, ya Sayyid Said aliyetawala Oman na Zanzibar, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York ikiwa na tende, karafuu za Zanzibar, pembe za ndovu na kahawa. Baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Marekani ikawa soko kubwa la tende za Oman aina ya fardh. Mashamba yake ya pwani ya Batina yalilimwa kwa kiasi kikubwa na watumwa waliotekwa Afrika Mashariki. Mitende ya California ilipoanza kuzaa kwa wingi, soko hilo lilianguka, na Oman ikabaki na tende zisizo na mnunuzi wa mbali. Tende unayoonjeshwa bure katika duka la shambani huko Thermal ilichukua nafasi ya ile iliyochumwa na mababu wa baadhi yetu.

Kazi yenyewe bado ni ya mikono. Mtende dume na mtende jike ni miti tofauti, kwa hiyo mkulima huchukua chavua na kuipeleka juu kwenye kila mtende jike. Wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Meksiko, hupanda mti uleule mara kadhaa kwa mwaka: kukata miiba, kuchavusha, kupunguza matunda, kuvika mikungu mifuko, na hatimaye kuvuna kuanzia mwishoni mwa kiangazi. Nunua tende shambani. Bei yake ina maana zaidi ukishajua idadi ya ngazi zilizopandwa.

Je, wajua kwamba kijani cha gofu kinategemea mto wa mbali?

Bonde lina viwanja vya gofu zaidi ya 100. Maji ya chini ya ardhi ni mengi, lakini hayatoshi matumizi hayo yote. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, mfereji umekuwa ukileta maji ya Mto Colorado kwa ajili ya mashamba, na tangu miaka ya 1970 maji ya mto huo humwagwa pia katika mabwawa ya mchanga kaskazini mwa Palm Springs ili yazame yakajaze hazina ya chini. Mto Colorado wenyewe umepungua sana. Ombi dogo la hoteli kwamba utumie taulo moja kwa siku mbili lina sababu ya kweli.

Je, wajua kwamba kusini mwa bonde kuna bahari iliyotokana na ajali?

Mwaka 1905 maji ya Mto Colorado yalivunja kingo za mfereji wa umwagiliaji na kumwagika katika bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Ilichukua hadi 1907 kuyazuia, na ziwa Salton Sea likabaki. Katika miaka ya 1950 na 1960 lilikuwa na hoteli na mashua za starehe. Kisha chumvi ikazidi, kwa sababu maji huingia bila pa kutokea. Samaki waliodumu humo kuliko wengine ni perege chotara, wa ukoo wa perege wa Msumbiji na wa Mto Wami wa Tanzania. Hata hao, Agosti 1999, walikufa kwa mamilioni kwa siku moja kwa kukosa oksijeni. Hapafai kwa kuogelea, na wakati wa joto harufu yake husafiri mbali. Ukitaka kuliona, litazame kutoka Keys View, ndani ya hifadhi ya Joshua Tree, ambako ziwa na ufa wa San Andreas huonekana pamoja.

Je, wajua kwamba kuna mti unaomtegemea nondo mmoja?

Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, iliyopandishwa hadhi mwaka 1994, ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 3,200. Majangwa mawili hukutana humo: Mojave, la juu na lenye baridi zaidi, na Colorado, la chini na lenye joto. Mti uliolipa eneo jina huchavushwa na nondo wa yuka peke yake. Nondo jike hukusanya chavua kwa makusudi, huipeleka katika ua jingine, kisha hutaga mayai humo. Viwavi wake hula sehemu ya mbegu na kuacha nyingine ziote. Mmoja akitoweka, mwingine hana maisha.

Ndani ya hifadhi hakuna maduka, maji hupatikana mipakani tu, na simu haishiki sehemu kubwa. Pakua ramani kabla. Wahifadhi hushauri angalau lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, na maradufu kwa anayetembea kwa miguu. Usiku, pasipokuwa na mbalamwezi, nyota huonekana kwa wingi ambao mkazi wa mji mkubwa amekwisha kuusahau.

Ukiwa na siku tatu na usiku mbili

Siku ya kwanza fika mchana, tembelea makumbusho na chemchemi ya Agua Caliente, kisha tembea barabara ya Palm Canyon. Ikiwa ni Alhamisi, jioni hufungwa kwa magari na kuwa soko la vyakula na kazi za mikono. Siku ya pili nenda asubuhi Indian Canyons, ambako miti inayofanana na mvumo imefuata kijito kwenye korongo la kilomita 24, na alasiri panda gari la kebo. Siku ya tatu chagua jambo moja: Joshua Tree au mashamba ya tende. Ukiyalazimisha yote mawili utayaona kwa dirisha la gari tu.

Bila gari la kukodi utabanwa, maana treni hupita mara tatu tu kwa wiki kila upande, na kituo chake kiko nje ya mji. Kuhusu malazi, tangu 1 Julai 2024 sheria ya California inataka bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima, ukiacha kodi za serikali. Ukiongezewa ada ya lazima iliyofichwa, una haki ya kuhoji. Ukikodi nyumba ya mtu, fahamu kwamba Palm Springs hairuhusu muziki wa spika usikike nje ya mpaka wa kiwanja.

Kiingilio cha Indian Canyons hulipwa kwa Wacahuilla wenyewe, na tende za shambani humlipa anayezilima. Katika bajeti ya safari fupi, hizo mbili ndizo fedha za kutengwa kwanza, kisha ndipo uangalie kilichobaki kwa chumba chenye bwawa.